Panda Mstari Mmoja

Mheshimiwa Meya, mgeni wetu rasmi. Ndugu Msajili wa Vyama, uliyekuja leo na mkoba mnene kuliko kawaida yako, na sisi tumeuona. Waheshimiwa wenyeviti wa chemba za miji jirani. Ndugu wanachama wenzangu wenye viwanda, maduka, karakana na vibanda. Shemeji yetu mpendwa, uliyemsubiri mumeo arudi kutoka mikutanoni kwa miaka ishirini na miwili. Watoto na wajukuu wa katibu wetu. Mabibi na mabwana, habari za mchana.

Kama kuna mtu mkubwa niliyemruka, anisamehe, na kama hawezi kunisamehe, alete malalamiko kwa maandishi, nakala mbili, maana ndivyo katibu alivyotuzoesha.

Kwa wageni wasionijua, mimi ndiye mwenyekiti wa Chemba ya Biashara ya mkoa huu, ila barabarani naitwa Mama Milango, kwa kuwa nimetengeneza milango tangu nikiwa msichana katika karakana ya baba yangu. Mlango mlioingilia ukumbini ni wangu. Ule wa pembeni unaolia kila mtu anapokwenda msalani si wangu, na aliyeutengeneza yumo humu na anajijua.

Tumekuja kumuaga katibu. Hilo mnalijua wote, ndiyo maana mmevaa vizuri. Ambalo wengine hawalijui ni kwamba tunamuaga bila kuwa na wa kumpokea kalamu. Tumetangaza nafasi hii kwa miezi sita. Tumebandika matangazo, tumebembeleza, tumewavizia watu misibani na harusini. Kila tuliyemwendea alisifu sana kazi ya katibu, akasema chemba bila katibu si chemba, kisha akamtaja jirani yake. Na Ndugu Msajili ametuandikia barua, ya upole lakini ya Msajili: chama kitakachofikisha saa kumi na moja jioni ya leo bila katibu aliyechaguliwa na wanachama kitafutwa kwenye daftari. Nimewaambia mapema ili mtu asije akadhani tumekuja kula tu. Nitalirudia jambo hilo kabla sijakaa.

Kwanza tumseme mwenyewe akiwa hapa, anasikia.

Ndugu zangu, mnakumbuka chemba yetu ilikuwa nini alipoikuta? Tulikuwa na ofisi moja, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Ngazi kumi na saba, ya tisa imelegea. Ndani mlikuwa na meza, viti vinne vya aina nne, na kabati la chuma lisilofunga mpaka ulipige teke upande wa chini kushoto. Nje tulitundika kibao kilichoandikwa CHEMBA, basi, maana rangi iliisha. Wiki ya kwanza ya kazi yake alipanda mzee mmoja, anahema, akaweka kofia mezani, akamwambia katibu kuwa chemba ya choo cha nyumbani kwake imeziba na kurudisha maji tangu juzi, na kwa kuwa sisi ndio wenye chemba, tuje tuizibue. Mtu mwingine angemcheka. Katibu alimkaribisha kiti, akachukua maelezo yote, mtaa, nyumba, siku ya tukio, kisha akatoka naye kwa miguu hadi kwa fundi bomba, akangoja mpaka wakaelewana. Fundi bomba yule alijiunga na chemba wiki iliyofuata. Mheshimiwa Meya, huyo ndiye mwanachama wetu wa kwanza aliyepatikana kwa njia ya maji taka.

Jina lake la mtaani mnalijua. Tunamwita Kwa Mujibu. Hajawahi kuanza sentensi bila hayo maneno mawili. Kwa mujibu wa katiba, kwa mujibu wa kumbukumbu, kwa mujibu wa hali ya hewa. Shemeji ni shahidi wangu: siku ya harusi ya binti yao wa kwanza alisimama kutoa nasaha, akafungua karatasi, akasoma, "Kwa mujibu wa ratiba, sasa ninalia," na akalia kweli. Sisi tulidhani ni mzaha, tukapiga makofi.

Lakini mtu huyu wa makaratasi hakukaa na makaratasi. Kila Jumanne na kila Alhamisi alitembea duka kwa duka, karakana kwa karakana, na daftari lake la jalada gumu kwapani. Hakuuliza unauza nini, wala unauza kiasi gani. Aliuliza, "Unakwama wapi?" Akaandika. Wiki ijayo anarudi na swali lile lile, na kama ulikuwa umekwama palepale, alikuna kichwa kana kwamba kosa ni lake. Mwanzoni nilimwona msumbufu. Unashika randa, vumbi la mbao limejaa puani, halafu mtu amesimama mlangoni anauliza unakwama wapi. Nakwama kwako, nilimwambia siku moja, nipishe. Akaliandika na hilo.

Sasa nifike mahali ambapo baadhi yenu mtanitazama vibaya. Miaka kumi na miwili iliyopita, chemba hii ilikuwa na wanachama arobaini na mmoja, na kikao kizima kiliweza kwisha tukibishana juu ya nani achukue chupa ya chai nyumbani. Huku nje biashara ya mkoa ilikuwa inatupita tunaiona. Shule iliyo hatua mia mbili kutoka karakana yangu ilinunua madawati mji mkubwa, saa tano kwa lori, na lori lile lilipita mbele ya mlango wangu likanipigia honi. Nilichukia, ndugu zangu. Nilichukia nikakosa usingizi. Nikaandika hoja kwa mkono wangu: kwamba Chemba ya Biashara ya mkoa huu ivunjwe, na wanachama wake wajiunge na chemba ya mji mkubwa, kwa kuwa hii yetu haina faida kwa mtu yeyote. Watu wameisimulia hadithi hiyo miaka yote bila kumtaja mwenye hoja, kwa heshima. Mwenye hoja nilikuwa mimi.

Katibu aliipokea, akaipiga muhuri, akanipa nakala yangu. Hakunibishia hata neno. Aliomba jambo moja tu kwa kamati: mkutano mkuu usogezwe miezi mitatu. Alisema mkoa huu hauuziani kwa sababu haujui una nini, na yeye angetengeneza Kitabu cha Biashara za Mkoa, kila kazi na kila namba ya simu, tukigawe shuleni, hospitalini, maofisini na kwenye miji jirani. Baada ya hapo, akasema, tukitaka kuvunja tuvunje. Kamati ikakubali, kwa kumhurumia zaidi kuliko kumwamini.

Aliandika peke yake, kwenye kompyuta ambayo ilikuwa ikizima feni inapowashwa. Biashara mia mbili na kumi na nne, kwa mpangilio wa alfabeti wa kazi zenyewe, kuanzia Asali hadi Zulia. Siku moja kabla ya kupeleka kwa mchapaji, dada yetu wa asali akampigia kusema amebadilisha namba. Katibu akaenda juu kabisa, akataka kufuta tarakimu. Akafuta kijisanduku chenyewe. Na kompyuta, kwa kutopenda pengo, ikainua safu nzima ya namba hatua moja kwenda juu. Asali akapewa namba ya Baiskeli, Baiskeli akapewa ya aliye chini yake, wote mia mbili na kumi na nne, mpaka mwisho. Katibu alipotazama juu akaona Asali ana namba, akadhani ameshaiweka ile mpya. Alipotazama chini akaona Zulia hana namba, akasema mtu wa mazulia amesahau kuleta, tusimwache mkono mtupu, akamwekea namba ya ofisi. Nakala elfu moja zikachapwa, zikagawiwa siku mbili, na yeye mwenyewe ndiye aliyezunguka kuzigawa, ametabasamu mpaka masikioni.

Patamu hapo. Mliokuwepo mnakumbuka, ninyi wengine nawahurumia mlikosa. Mtu akitafuta Milango, simu ilikwenda kwa Miwani. Ndugu yetu wa miwani, mnamfahamu upole wake, alipigiwa na mama mmoja aliyesema kwa haraka, "Nahitaji mlango wa mbele." Naye akamuuliza, "Pole sana mama. Huo uliopo huuoni kabisa, au unauona kwa ukungu?"

Mapambo ya harusi yaliandikwa kwa jina la Maharusi, na aliyefuata baada ya Maharusi ni Majeneza. Ndugu yetu wa majeneza akapigiwa na mzazi wa bibi harusi, akaambiwa inatakiwa kazi ya kifahari, kwa watu mia tatu, Jumamosi ijayo. Alisimama alipokuwa ameketi. Akauliza kwa sauti ya majonzi ya kazini, "Mia tatu kwa mpigo? Huko kumetokea nini, mama?" Akajibiwa kwamba ni furaha tu, baba, furaha tupu. Akakata simu, akaenda kunywa maji.

Na mimi? Aliye juu yangu ni Mikate. Kuanzia alfajiri simu yangu haikupumzika. Mtu ananiuliza kama imeiva, nami niko na usingizi namjibu kuwa bado haijakauka, kesho nitaipiga msasa. Dada yetu wa asali ndiye pekee ambaye hakupigiwa na mtu yeyote, maana namba yake ilipotea kabisa, na mpaka leo analalamika kwamba hata makosa ya wenzake hakuonjeshwa.

Kwa siku chache tulifoka. Kisha, kwa kuwa simu lazima ijibiwe, mtu mmoja akagundua dawa. Namba zote zilipanda mstari mmoja, kwa hiyo ukitaka ya kweli, nawe ipande. Ndipo ukazuka ule msemo wetu. Unapokea simu, mtu anataka mkate, unamwambia, "Panda mstari mmoja." Watoto wakauimba shuleni.

Ila kumwambia mtu apande mstari na kukata simu ni ukavu, na watu wetu si wakavu. Mteja anauliza, huyo wa juu anafanya kazi nzuri? Anapatikana Jumapili? Sasa utajibu nini kama humjui? Siku moja ndugu wa miwani aliingia karakana yangu, akakaa juu ya mbao, akaniomba nimfundishe mlango unapimwaje, ili akiulizwa asiaibike. Duka lake ni la nne kutoka kwangu. Kwa miaka tisa tulikuwa tukisalimiana kwa kuinua nyusi. Siku hiyo ndiyo nilijua kwamba ana mkono wa kuchora kuliko mafundi wangu wote. Na mimi nilikwenda kwa mwoka mikate, nikaona tanuri lake, nikajua anaoka mara mbili kwa siku, nikajua kwamba mkate wa mchana ndio mzuri zaidi ingawa wengi huukimbilia wa asubuhi. Bila kukusudia, kila mmoja wetu akawa mpokeaji wa simu wa jirani yake, na huwezi kumpokelea mtu simu kutwa halafu ukaendelea kutomjua.

Wakati huo mimi bado nilikuwa na hasira zangu. Nikachukua kile kitabu, nikapanda ngazi kumi na saba kwenda kumtolea uvivu katibu. Nilimkuta amekaa, feni imezimwa, karatasi moja mbele yake. Akasema, "Dada, soma kwanza hii, halafu ndiyo unitukane." Nikasoma. Iliandikwa, "Kwa mujibu wa aibu niliyo nayo, ninaomba kuacha kazi." Sijawahi kumwona mtu mzima amekuwa mdogo vile kwenye kiti. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimrudishia barua yake nikamwambia asinipokonye ushindi, angoje wiki tatu mkutano uivunje chemba, ndipo aende. Nikashuka ngazi najiona nimesema. Kaka, maneno yale yamenikaa kooni miaka kumi na miwili. Leo nakuomba radhi mbele ya mkeo, wanao na watu wote hawa.

Siku tatu baadaye simu ililia, namba siijui. Alikuwa afisa ununuzi wa hospitali mpya ya mkoa, ile iliyokuwa ikimaliziwa kujengwa. Alitaka mikate mia mbili kila asubuhi. Nikamwambia apande mstari mmoja, na kwa kuwa nilishazoea, nikamweleza habari zote: tanuri lilivyo, huyo bwana anavyochelewa siku za mvua kwa sababu ya kuni, na kwamba achukue wa mchana. Akacheka. Akaniuliza, na wewe mama, uliyeijua mikate hivi bila kuioka, kazi yako nini? Nikasema milango. Akauliza, "Ya upana wa kupitisha kitanda cha mgonjwa unaiweza?"

Ilikuwa milango mia moja na themanini, kwa wiki kumi. Barua ya kuagiza mji mkubwa ilikuwa tayari mezani kwake, inangoja saini. Karakana yangu ilitoa milango sita kwa wiki, tukijikaza. Nani alikuwa na mashine nzuri kuliko zote za kuranda mbao mkoani? Ndugu wa majeneza. Nani angeweza kuchora mchoro safi wa kila mlango ili karakana tatu zisitoe milango ya saizi tatu? Mtu wa miwani. Mwenye makabati akaingia na mafundi wake saba. Tulijua pa kwendea kwa sababu tulikuwa tumepokeleana simu mwezi mzima. Tatizo likabaki moja. Hospitali haiandikiani mkataba na kundi la watu waliokutana juzi. Inataka chombo kimoja chenye katiba, muhuri na anwani. Na katika mkoa mzima chombo cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na mimi nilikuwa nimeleta hoja ya kukivunja.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Mkataba usainiwe Jumatatu. Nilifika mapema, nikakaa mstari wa mbele. Ilipofika ajenda namba tano, katibu alisimama akaisoma hoja yangu. Alijua vizuri kwamba ikipita, yeye hana kazi, chemba haipo na mkataba umekufa. Angeweza kuisoma kwa kumumunya maneno. Aliisoma neno kwa neno, kwa sauti kubwa, na pale nilipoandika kwamba chemba haina faida kwa mtu yeyote, akapumzika kidogo kama ilivyopasa kwenye nukta. Nikasimama, nikasema naiondoa. Akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne, hoja iliyokwisha kusomwa haiondolewi. Inapigiwa kura." Nikasema basi nitaipinga. Akasema kwa mujibu wa kifungu hicho hicho, mtoa hoja anahesabiwa kuwa ameiunga mkono.

Ukitaka kuyaona matokeo, yamo kwenye kumbukumbu za siku ile, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala. Waliopinga kuvunjwa kwa chemba: arobaini. Waliounga mkono: mmoja.

Wenzangu walicheka mpaka mtu wa majeneza akaegemea ukuta. Mimi nililia, na sikuwa na ratiba. Nilikuwa nimeshindwa na sijawahi kufurahi namna ile. Baada ya kikao nilikwenda kumuuliza kwa nini hakuniacha tu niiondoe. Akanijibu kwamba kama angekipindisha kifungu siku hiyo kwa faida ya chemba, Jumatatu hospitali ingekuwa inasaini na watu wanaopindisha vifungu. Jibu hilo lilinifanya nigombee ujumbe wa kamati mwaka uliofuata.

Milango ile ipo. Kama umewahi kulazwa pale, umepita ndani ya kazi yetu, na tunatumaini ulipita ukitoka pia. Wiki kumi zilitosha, tukabakiwa na siku mbili.

Mheshimiwa Meya, watu huniuliza chemba ni ya nini. Je, inauza kitu? Haiuzi. Inatoa amri? Hata mumewe mwenyekiti haitii. Kazi yake ni kwamba mwenye mashine amjue mwenye mbao, na mwenye mbao amjue mwenye mchoro, na siku anapokuja mnunuzi mkubwa kuliko sisi sote asitukute kila mtu amejifungia dukani kwake. Leo tuna wanachama mia tatu na kumi na wawili. Madawati ya shule ile ya jirani yangu tumeyatengeneza sisi, na lori lilipoyapeleka nilisimama mlangoni, nami nikalipigia makofi. Miji mitatu ya jirani sasa ina vitabu vyao, nao huagiza kwetu na sisi kwao. Na kwa kuwa kipaza sauti bado kiko mikononi mwangu, Mheshimiwa, lile shimo la barabara ya karakana limetimiza miaka mitano. Tunafikiria kuliandikisha uanachama.

Toleo la pili la kitabu lilitoka bila kosa hata moja. Mnakumbuka watu walivyonuna? Ndugu wa majeneza alikuja ofisini kuuliza kwa nini hapigiwi tena simu za harusi. Alikuwa amezizoea, masikini. Baada ya hapo dada wa mapambo alianza kumwalika kwenye kila harusi anayopamba, na harusi ya tatu kualikwa ilikuwa yao wenyewe. Pale walipo, meza ya tatu, wanajificha nyuma ya maua.

Kaka, Kwa Mujibu wetu, tunakushukuru. Kukusifu kwa kutokosea siwezi, watu watanicheka. Ninakusifu kwa sababu ulikosea mbele ya mkoa mzima, nawe hukukimbia, hukumlaumu mchapaji, na bado ulikuwa mnyoofu siku ambayo unyoofu ungeweza kukuponza. Nimeambiwa na shemeji kwamba unaanza kuotesha miche ya matunda nyuma ya nyumba, na kwamba kila mche una kibandiko chenye tarehe na namba ya kumbukumbu. Basi zawadi yetu ya kwanza, mbali na kile kiti cha kuegemea mnachokiona kimefungwa, ni kadi hii ya uanachama, ya kudumu. Biashara: Miche. Namba ya simu imehakikiwa na watu watatu. Iweke mfukoni, kaka. Hapo, vizuri.

Sasa turudi kwenye ule mkoba wa Ndugu Msajili.

Wiki iliyopita nilimfuata katibu nikamsihi anitajie mtu mmoja tu anayefaa. Alikataa. Kwa mujibu wa katiba, katibu hachagui mrithi wake. Nikarudi karakana, nikashika randa, nikawaza. Ni nani amezijua karakana zote hizi? Ni nani anayezijua ngazi kumi na saba? Ni nani amewahi kutaka kuifunga chemba hii, na kwa hiyo hatasahau kamwe ilikuwa karibu kiasi gani na kufungwa? Miezi sita nimewabembeleza watu, na kila mmoja alimtaja jirani yake. Nami nilikuwa nafanya vilevile. Binti yangu amekuwa akiniambia muda mrefu kwamba karakana anaiweza, na ukweli ni kwamba milango yake imeshaipita yangu, sikutaka tu kukiri.

Katiba inasema mwenyekiti hawezi kuwa katibu. Kwa hiyo hii hapa barua yangu ya kuacha uenyekiti, nakala mbili. Makamu wangu, ndugu yangu mwoka mikate, kiti ni chako kuanzia sasa. Ananipa ishara niendelee mwenyewe, mdomo wake umejaa. Haya. Ndugu wanachama, naomba kazi. Naomba niwe katibu wenu. Sina mwandiko mzuri na nina mdomo, mnajua. Lakini nitatembea Jumanne na Alhamisi, na nitauliza.

Wanaokubali, mikono juu. Kaka, tafadhali, tuhesabie.

Mia tatu na tisa. Nawashukuru, nawashukuru sana, shusheni kidogo, hapana, msishushe kwanza. Kaka, wewe mbona hukuinua? Anasema kwa mujibu wa kifungu cha ishirini na mbili, katibu hapigi kura. Ndugu zangu, mnamsikia? Kaka, barua yako ya kustaafu, uliyoiandika na kuipiga muhuri mwenyewe, inasema saa tisa kamili alasiri. Tazama saa ile ya ukutani. Saa tisa na dakika nne. Wewe si katibu tena. Wewe ni mtu wa miche, una kadi mfukoni, na una haki ya kusema kama unanikubali au hunikubali. Nami nataka kujua.

Mia tatu na kumi. Andika, Ndugu Msajili. Ngoja, kalamu hii hapa, ni yangu sasa, nitaandika mimi.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu, na kwa mikono hiyo. Katibu wenu anaomba ruhusa akae.